Ulimi wa Kukodi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanafunzi wengi huiandika methali hii katika daftari zao bila ya kuihoji. Mimi naiheshimu, walakini nimekaa Riruta Satellite miaka mingi, na huko nimeona vizuri vingi visivyojiuza. Nimemwona fundi wa viatu, hodari kupita wenzake wote, akisinzia uchochoroni kwa sababu hapana aliyejua yuko wapi. Nimeona vilevile vibaya vikijitembeza juu ya gari lenye vipaza sauti, na vijana waliovaa fulana za rangi moja wakicheza mbele yake, na watu wakivinunua mpaka vikaisha. Basi, msomaji wangu, kati ya kitu na mnunuzi wake yuko mtu wa tatu, naye ni mwenye ulimi. Nataka kusema nawe juu ya mtu huyo, na juu ya swali linalomkabili siku za dhiki: je, mwenye njaa aweza kuukodisha ulimi wake kwa yeyote anayeutaka?

Kwa faida ya asiyeujua mtaa wetu, nitaueleza kidogo. Riruta Satellite iko magharibi ya jiji la Nairobi, upande wa Dagoretti. Imepakana na Kawangware. Na Kawangware nayo imepakana na Lavington, mahali pa majumba makubwa na nyua za maua. Mtu aweza kutoka katika chumba cha mabati akafika penye lango la tajiri kabla jasho halijamtoka. Ukiifuata Ngong Road kwenda mjini, utaiacha Kibera mkono wa kulia. Alfajiri watu hutoka katika mitaa hii kwa maelfu, na wengi wao huenda kwa miguu, hata mpaka Industrial Area, kwa kuwa nauli ya matatu ni chakula cha mtoto. Miongoni mwao utamwona kijana mwenye viatu vilivyong'arishwa, ameshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna nakala ya shahada. Jioni hurudi nayo, na viatu vimejaa vumbi.

Shahada ninayotaka kuizungumza ni ya elimu ya masoko. Wako wanaoidharau. Husema kwamba daktari hutibu, mhandisi hujenga, mwalimu hufundisha, lakini huyu kazi yake ni maneno matupu. Dharau hiyo haina haki. Elimu ya masoko, ikifundishwa sawasawa, ni elimu ya kuwajua watu: wanahitaji nini, wana fedha kiasi gani, wanaogopa nini, wanaona fahari juu ya nini, na neno gani litawafanya wasimame wakasikilize. Mkulima wa Kinangop ambaye kabichi zake zaoza shambani, na mama wa Kawangware anayezitafuta kabichi hizo, hawajuani. Anayewajulisha ametenda kazi ya kweli, ingawa hakushika jembe wala mizani.

Ajabu ni kwamba siku ambazo wafanyabiashara wangeihitaji zaidi elimu hii ndizo siku wanazoitupa. Biashara inapopungua, mwenye duka hutazama matumizi yake. Kodi ya jengo hawezi kuikata. Umeme hawezi kuukata. Mlinzi akiondolewa, wezi wataingia. Lakini tangazo likiondolewa leo, kesho duka litafunguliwa kama kawaida, na hasara yake haitaonekana ila baada ya miezi. Kwa hiyo tangazo hukatwa mapema, na pamoja nalo hukatwa yule anayelitunga.

Kenya imeziona siku kama hizo si mara moja. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 0.2 tu. Mwaka 2020, mwaka wa Korona, haukukua kabisa, bali ulipungua kwa asilimia 0.3. Mwezi wa Januari wa mwaka huohuo, hata kabla ya maradhi kufika, wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuivunja kampuni hiyo, ambayo siku za ubora wake ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika Afrika ya Mashariki. Duka lake moja lilikuwa karibu nasi, katika jengo la Junction pale Ngong Road. Duka kubwa likifa halifi peke yake. Kila sabuni na kila pakiti ya unga iliyokuwa rafuni ilikuwa na kijana wake wa kuipanga na kuisifu, na vijana hao wengi hawakuajiriwa na duka bali na wenye sabuni na wenye unga. Nao pia walirudi nyumbani na bahasha zao.

Hata mvua ikianza kunyesha tena, hainyeshi palepale. Hesabu za Serikali zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha kwamba mwaka 2023 nchi ilipata nafasi mpya za kazi zipatazo 848,000. Idadi hiyo yafurahisha, lakini itazame kwa makini: zaidi ya 720,000 kati yake zilikuwa katika kazi za jua kali na biashara ndogondogo. Shule na vyuo vyetu huwafundisha vijana kana kwamba hesabu ni kinyume cha hivyo. Kijana husomeshwa jinsi ya kutumia fedha za kampuni kutangaza bidhaa za kampuni. Kisha hutoka nje akakuta kampuni ni chache, na vibanda ni vingi kama nyota.

Sasa nitakuonyesha mahali swali letu linapouma.

Kijana mmoja wa jirani yangu alimaliza shahada ya masoko mwishoni mwa mwaka 2019. Jina lake silitaji, maana bado yuko mtaani na ana haki ya kulinda sifa zake. Mama yake, muuza mboga katika Kawangware, alikuwa amemsomesha kwa mafungu ya sukuma wiki. Machi 2020 Korona iliingia nchini, na milango aliyokuwa akiibisha ikafungwa yote. Mwenzake waliyesoma darasa moja, mkaaji wa Kibera, aliingia katika mpango wa Serikali ulioitwa Kazi Mtaani, ulioanza Aprili ya mwaka ule. Akashika fyekeo na koleo, akazibua mitaro ya maji machafu. Watu walimcheka. Mimi sikumcheka, na natumaini wewe pia usingemcheka. Alikodisha mikono yake, na jioni mikono ilirudi kwake mizima.

Huyu wa kwetu alijaribu milango mingi. Alipata walaghai, wale wanaomwambia mtafuta kazi atume kwanza fedha za fomu. Akawakwepa, kwa kuwa hakuwa na za kutuma. Ndipo kampuni moja ya mikopo ya simu ilipomwita. Hakuna mshahara, walimwambia, ila malipo kwa kila mtu atakayemsajili. Akauliza atapelekwa wapi. Wakamjibu kwamba hatapelekwa popote. Watu wa Kawangware na Riruta wanamjua, basi akae hukohuko.

Alikuja kwangu jioni ile kuniuliza. Nilimwambia atoe karatasi tupige hesabu. Mikopo ya simu haikuanza jana: Novemba 2012 ilipoanza huduma kubwa ya kwanza ya namna hii nchini, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akikopa shilingi 2,000 atalipa 150 zaidi. Hilo laonekana dogo, na kwa mama ambaye mtoto wake ameshikwa na homa usiku wa manane si dogo tu, ni rehema. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mkopo ni uovu. Lakini mama huyo akiukopa tena mwezi wa pili ili alipe wa kwanza, na wa tatu ili alipe wa pili, mwisho wa mwaka ameshalipa ada ya shilingi 1,800 kwa ajili ya zile 2,000, nazo 2,000 bado anadaiwa. Nayo ile ilikuwa huduma ya benki. Kampuni zilizofuata, zisizokuwa chini ya sheria yoyote ya mabenki siku zile, nyingine zilitoza zaidi. Isitoshe, mkopaji aliposajiliwa simu yake ilifunguliwa, na majina yote yaliyomo yakachukuliwa. Akichelewa kulipa, ndugu na marafiki na hata mwajiri wake walipigiwa simu kuambiwa kwamba fulani ni mdeni.

Kijana alisikiliza, kisha akanipa hoja tatu. Nitazieleza kwa haki, maana naye hakuwa mjinga.

Alisema kwanza, "Mzee, nisipofanya mimi atafanya mwingine." Ni kweli. Lakini neno hili lina udhaifu mmoja: latuambia kwamba dunia haitakuwa bora yeye akikataa, halituambii yeye mwenyewe atakuwa mtu wa namna gani akikubali. Mwizi naye hulisema, tena kwa kweli ileile.

Alisema pili, "Wao ni watu wazima, kila mtu ana akili yake." Hili ni zito zaidi. Hatupendi kuwafanya maskini kuwa watoto. Mama anayeilisha nyumba kwa shilingi 300 anajua hesabu kuliko mawaziri wengi wa fedha. Walakini akili hufanya kazi juu ya kile inachokijua. Aliyeambiwa "utapata fedha sasa hivi" bila ya kuambiwa bei yake ya mwaka mzima na habari za yale majina, akili yake imefungwa kitambaa machoni kisha ikaambiwa ichague. Na kazi ya ulimi uliokodiwa, kama kijana mwenyewe alivyofundishwa katika semina ya siku mbili, ilikuwa kusema yale ya kwanza haraka na kuyapita ya pili polepole, au kutoyafikia kabisa.

Alisema tatu, "Mama anadaiwa kodi ya miezi miwili." Hapo nilinyamaza. Nimesoma vitabu vingi vya maadili, na vingi viliandikwa na watu walioshiba. Ni rahisi mno kwa mwenye mshahara kumwambia asiye nao asubiri kazi njema. Nilikuwa na mshahara wangu mwezi ule. Nilimpa nilichoweza kumpa, na hakikutosha hata kodi ya mwezi mmoja.

Lakini kuna jambo nililoliona usiku ule baada ya yeye kuondoka, nami naona ndilo kiini cha swali letu. Kampuni ile haikuikodi shahada yake. Wenye shahada wamejaa Nairobi. Haikukodi hata ufasaha wake. Ilikodi uso wake: yule mtoto wa mama mboga, aliyelelewa mbele ya macho ya mtaa mzima, ambaye wanawake wa pale walimtuma maji na kumnunulia daftari. Walipomsikiliza hawakusikiliza tangazo. Walimsikiliza mtoto wao. Imani ile hakuijenga yeye peke yake. Ilijengwa kwa miaka ishirini na kitu na watu wengi, na mama yake zaidi ya wote. Mtu aweza kuuza nguvu zake, maana ni zake. Aweza kuuza muda wake. Lakini imani ya majirani ni kama mali ya ukoo ambayo yeye amewekewa tu mkononi: akiiuza, anauza fungu lake na mafungu ya wengine ambao hawakuulizwa. Ndiyo sababu nasema kwamba mwenye fyekeo wa Kibera na mwenye ulimi wa Kawangware hawakufanya biashara ya namna moja, ingawa njaa yao ilikuwa moja.

Huenda utaniuliza: je, Serikali haina wajibu? Inao, na mara nyingine huutimiza kwa kuchelewa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 ziliziweka kampuni hizi chini ya leseni na kukataza kuwaaibisha wadeni kwa kuwapigia simu jamaa zao. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai 2019, Serikali ilikataa kuzipa leseni mpya kampuni kadhaa za kamari, baada ya wazazi na walimu kulia kwa miaka kwamba vijana wanakula karo zao kwa kubashiri mpira. Wengi tulishangilia. Lakini kampuni zile zilipofunga milango, wafanyakazi wao walipoteza kazi, na miongoni mwao walikuwa vijana wa masoko. Klabu za Gor Mahia na AFC Leopards nazo zikapoteza mfadhili. Nasema haya ili usidhani kwamba wema hauna gharama. Unayo, na aghalabu hulipwa na mtu ambaye si yule aliyeshangilia.

Kuna ushauri mwingine ambao wakubwa huutoa siku za dhiki, nao ni, "Jiajirini." Kila nikiusikia hukumbuka kwamba mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliandika ripoti juu ya Kenya, wakaonyesha kwamba watu wa biashara ndogondogo si wavivu wasio na kazi; wanafanya kazi sana, na taabu yao kubwa ni kipato kidogo na kusumbuliwa na wenye mamlaka. Zaidi ya miaka 50 imepita, na mwenye toroli la matunda bado hukimbizwa na askari wa jiji. Kumwambia kijana ajiajiri, kisha kumvunjia kibanda, ni mzaha mbaya.

Hata hivyo, elimu ya masoko yafaa katika vibanda hivyo kuliko inavyofikiriwa, na mwalimu wake wa kwanza yuko pale. Mtazame mama mboga wa Kawangware. Hauzi nyanya kwa kilo, maana anajua mteja wake hana fedha za kilo, huzigawa mafungu. Jirani yake huuza mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo cha kutosha chakula cha jioni moja. Kabichi huikata nusu, na nusu tena. Ana daftari la wadeni, na analijua kila jina, na anajua nani amefiwa na nani amepoteza kazi, kwa hiyo anajua wa kumsubiri na wa kumkazia macho. Ni mkopeshaji pia, kama ile kampuni! Tofauti ni kwamba kesho atakutana na mdeni wake kisimani. Hawezi kumwangamiza na bado akabaki sokoni. Nayo kampuni haina kisima. Wataalamu wa vyuo vikuu hulipwa fedha nyingi kuyaandika yale anayoyajua mama huyu, nao huyaandika vibaya.

Ndiyo, naweza kusikia swali lako: mama mboga atamlipa nini mhitimu? Hatamlipa kitu. Lakini kando ya Ngong Road kuna mafundi wa viti, meza na vitanda, ambao huzipanga samani zao hadharani, jua na vumbi zikizipiga. Ni mafundi hodari, na wengi hawajui kumpigia picha mteja wa Mombasa au Kisumu, wala kumwandikia bei na vipimo, wala kumjibu kwa lugha ya kumtuliza kwamba fedha yake haitapotea. Hapo pana nafasi ya ulimi. Kumi kati yao wakimpa kijana shilingi 50 kila mmoja kwa siku, ni 500. Kwa siku 26 za kazi ni 13,000. Huo si mshahara alioahidiwa siku ya kuvaa joho. Ni kodi na unga, na pengine akiba kidogo. Siku ambazo mafundi hawauzi, hapati kitu.

Kijana wetu aliichukua kazi ya mikopo. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alisajili watu wengi kwa muda wa miezi mitatu, kodi ikalipwa, na mama yake akanunua meza mpya ya biashara. Kisha jioni moja alikuta mama ameketi mlangoni ameishika simu mkononi. Alikuwa amepigiwa na mtu asiyemjua, akaambiwa kwamba jirani yake, yule anayeuza vitunguu kibanda cha pili, ni mdeni asiyelipa, na kwamba amwonye. Namba yake walikuwa wameipata katika simu ya mama wa vitunguu. Na mama wa vitunguu, msomaji, alikuwa amesajiliwa na kijana huyu huyu, siku yake ya kwanza ya kazi, kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi zaidi.

Hakurudi kwenye kampuni. Alikaa nyumbani wiki tatu, kisha akaenda kwa mafundi wa Ngong Road, na mpaka leo yuko nao. Mwezi mwingine wanauza, mwezi mwingine hawauzi. Yule mama alimaliza deni zamani, na husema hana kinyongo. Lakini akishuka kutoka katika matatu pale Satellite, kijana huzunguka kwa njia ya nyuma, iliyo ndefu zaidi na yenye matope wakati wa mvua, ili asipite mbele ya kibanda cha vitunguu. Mwaka jana aliniuliza kama anapaswa kumrudishia mama yule zile ada alizolipa, ingawa hazikuingia mfukoni mwake, na ingawa mama mwenyewe hajamdai. Nilimwomba anipe muda nifikiri. Bado sijampa jibu, na ningependa kujua wewe ungemjibu nini.